Hina Mbele ya Leza

Siku ya mwisho ya Lango, Sihaba aliamka na hasira zake, na wenye kucha mbovu ndio waliozipata.

"Lete mguu," alimwambia mzee aliyekaa kitini. "Nimesema mguu, sikuomba maelezo."

"Mwanangu, huu si ukungu. Mchi uliniangukia, nilikuwa nawasaidia akina mama kutwanga..."

"Wote mmeangukiwa na mchi! Huko bondeni mnatwanga mpunga au mnatwanga vidole?"

Mzee wa watu akanyoosha mguu. Sihaba akashusha kichwa cha leza mpaka kikakaribia kugusa ukucha wa kidole gumba, akakanyaga pedali, na kale kamwanga kekundu kakaanza kudonoa, tik, tik, tik, kakienda upande huu na kurudi upande ule. Mzee alikunja uso lakini hakulia, na kwa kweli hakuwa na cha kumliza. Leza ikiwa mikononi mwa mtu anayeijua hupita kwenye ukucha mtupu kama jua linavyopita kwenye kioo cha dirisha, ikaenda kuupasha moto ukungu uliojificha chini yake hadi ufe, na nyama ikabaki salama. Juu darini Pua ilikuwa ikilia kama mbu tangu mzee alipoingia. Ikalia, ikalia, halafu kimya.

"Safi. Ondoka kwenye kiti changu."

Pua haikuwa na macho. Haikujua mguu wa nani wala kidole gani. Ilinusa hewa ya chumba tu, na ikikuta chembe za ukungu ililia mpaka chembe zile ziishe. Katika miaka yote aliyokaa Sihaba Langoni, Pua haikuwahi kumdanganya, na alikuwa akiwaambia hivyo wote waliolalamika.

Zamani, waliokuwepo husimulia, ukungu wa kucha ulikuwa aibu ya mtu na viatu vyake. Ukucha ukinenepa na kugeuka njano, mtu alinunua dawa ya kupaka, akavaa soksi, maisha yakaendelea. Kisha ukungu ule, shetani gani aliufundisha hajulikani, ukaonja nafaka ukaipenda. Ukashuka kutoka vidoleni mwa wakulima, ukaingia matopeni, ukapanda kwenye mashina ya mpunga, na msimu uleule mashamba yakasimama meusi kutoka mlimani hadi pwani. Mbegu safi zilizobaki zilipelekwa Ghala, mji wa vioo juu ya mlima, na Ghala likajifungia. Lango lilifunguliwa mara moja kila msimu, kwa wale tu ambao mtu wa ndani aliwaita kwa majina. Aliyekuwa safi, au aliyesafishwa na leza, alipanda. Aliyebaki mchafu alipelekwa Ng'ambo, kambi iliyo upande wa pili wa mto, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko akaeleza wanakula nini.

Mwaka huu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ghala lilikuwa limetangaza kwamba Lango likifungwa tu, bonde lote litachomwa moto, shamba na nyumba. Atakayekuwa nje jioni hiyo ni wa Ng'ambo, apende asipende.

Ndiyo maana Sihaba alikuwa na hasira. Mdogo wake, Mwajabu, alikuwa bado hajafika.

*

Alifika mchana, amejitanda kanga mbili, miguu ameifunga kwa vitambaa vyeupe ili vumbi lisiiguse. Nyuma yake aliingia Bi Somoe, kungwi wake, akihema kwa mwinuko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mtume! Umekonda hivi?"

Mwajabu akacheka, na Sihaba akajikuta naye anacheka, kitu ambacho wasaidizi wake hawakuwahi kukiona. Huyu alimlea kwa mikono yake. Mama yao alipofariki, Mwajabu alikuwa wa kubebwa mgongoni. Sihaba ndiye aliyemtafutia mchumba, Singano, kijana mtaratibu anayetunza mbegu za mtama, na sasa Singano na ndugu zake walikuwa ukumbi wa juu, wamevaa wamependeza, wanamsubiri bibi harusi apande.

Kwao bibi harusi havuki kizingiti cha mume kabla hajaoshwa miguu na dada yake mkubwa, na muoshaji naye sharti awe miguu mitupu. Kumwosha bibi harusi ukiwa umevaa viatu ni kumtakia mabaya. Kizingiti cha Ghala kilikuwa Lango, hapakuwa na kingine. Sihaba alikuwa ameshaandaa beseni na marashi tangu asubuhi. Akakaa chini, akavua buti zake za mpira, zile zinazofika magotini ambazo wachomaji wote wa leza hushinda nazo kuanzia alfajiri. Miguu yake ilitoka imetota jasho, imekunjamana. Hakuiangalia. Nani huangalia miguu yake siku kama hiyo? Akapiga magoti sakafuni, akafungua kitambaa cha kwanza.

Vidole vya Mwajabu vilikuwa vyeusi kama masizi ya sufuria.

"Bi Somoe," alisema Sihaba polepole. "Nilikutumia salamu. Nilisema mikononi umpake utakavyo, miguuni usiguse."

"Ulisema, na nilisikia." Bi Somoe alikuwa amejiandaa kwa hilo, alishika kiuno kabisa. "Lakini we mwanangu, nimpeleke mtoto wa watu kwa wakweze miguu mikavu kama mjane wa jana? Mimi? Waseme nimemfunda nini? Tena huo ukucha wa gumba ulishaharibika, umevimba, unatia aibu. Nimeuficha. Nimechanganya hina na piko, nimerudia mara tatu mpaka ikakolea."

"Umechanganya na piko."

"Si ndio urembo wenyewe?"

Na hapo Pua ikaanza kulia.

Mwajabu alitazama juu darini, kisha akamtazama dada yake. "Ni mchi, dada. Wallahi ni mchi, uliniponyoka nikitwanga. Siyo ukungu."

Sihaba alitamani kumwamini. Lakini maneno hayo hayo ameyasikia kwa kila aliyekaa kwenye kile kiti, na kila mara alicheka, na kila mara Pua ilikuwa imesema kweli.

*

"Bi Sihaba, pole sana."

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti ukutani. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Mbelwa, msimamizi wa Lango, mtu mpole asiyepandisha sauti hata siku moja, na kikombe chake cha chai ya tangawizi hakikumtoka mkononi. Wachomaji walimwogopa kwa ule upole.

"Akwanguliwe ukucha, bwana," alisema Sihaba. "Maabara wapime. Kama ni mchi, ni mchi."

"Majibu yatatoka kesho. Kesho hakuna Lango." Akanywa chai, ikasikika chumba kizima. "Mwenye piko kanuni inasema arudi, wewe ndiye uliyewarudisha wengi kuliko wote. Ila leo ni harusi, na mimi si mtu mbaya. Mchome, nakuruhusu. Pua ikinyamaza, anapanda kwa mumewe. Akitoka kidonda, unajua, kidonda wazi hakiingii kwenye mbegu. Au mrudishe sasa hivi na miguu yake mizima. Uamuzi ni wako. Wewe ndiye dada."

Akazima kipaza sauti. Hakuondoka kwenye kioo.

Sihaba aliijua hesabu ile vizuri kupita kiasi. Ukucha mtupu huupitisha mwanga. Piko haiupitishi, huumeza, na mwanga uliomezwa hugeuka moto palepale juu ya ukucha. Alipokuwa anajifunza kazi, mwalimu wao aliwapaka piko kwato ya mbuzi aliyekwisha chinjwa, akaikanyagia leza. Kwato ilitoa moshi. Walicheka siku ile, walikuwa vijana.

Lakini ukianza na nguvu ya chini kabisa? Daraja la kwanza, mwanga mfupimfupi, kitambaa cha maji baridi kila mara? Ukucha ungepata moto, ndiyo. Chini yake pangetoka lengelenge. Lengelenge si kidonda. Lengelenge linaingia Ghala. Na upande wa pili kulikuwa na nini? Ng'ambo. Mwajabu peke yake Ng'ambo, na nyumba ya mama yao inaungua.

Angeweza kumwuliza mwenyewe. Mwajabu alikuwa mtu mzima, amekaa pale pale, masikio yake mawili. Sihaba hakumwuliza. Alishazoea kuamua kwa niaba yake tangu akiwa mgongoni, na hakumwuliza.

"Bi Somoe, toka nje."

"Mwanangu..."

"Toka!"

Mlango ukafungwa. Mwajabu akapanda kitini, akajiweka vizuri, akatandaza kanga mapajani. Sihaba akamfunga mikanda ya vifundo vya miguu. Hakukumbuka kuvaa tena buti.

"Dada, inauma?"

"Hata," alisema Sihaba. "Kama maji ya kuoga."

*

Daraja la kwanza. Tik, tik, tik.

Moshi mwembamba ukainuka, na harufu ya nywele zilizoungua. Mwajabu akashtuka, akazishika kingo za kiti. "Dada, hayo maji ni ya moto."

"Vumilia. Karibu."

Akamwekea kitambaa cha maji, kikachemka kidogo, sss. Akahamia kidole cha pili, cha tatu. Piko ilificha kidole kipi kina ukungu, akavipita vyote kumi. Kisha akasimama, akainua uso darini. Pua ilikuwa ikilia vilevile, wala haikupungua.

Haiwezekani, alijisemea. Ukungu gani huu? Akajibu mwenyewe kwamba piko imeuzuia mwanga usifike chini, kwa hiyo ukungu upo, umelala salama chini ya piko. Lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake, na lilikuwa na akili kabisa. Akazungusha kitufe.

Daraja la pili.

Mwajabu alipiga ukelele uliomtoka tumboni. Nje ya mlango, papo hapo, Bi Somoe akaanza vigelegele. Kungwi ndiyo kazi yake, bibi harusi akilia, kungwi hupiga vigelegele ili wakwe wasisikie kilio. Alipiga kwa nguvu zake zote, bibi yule, sauti ikimkatika, akivuta pumzi anaanza upya. Na ukumbi wa juu ndugu za Singano wakasikia. Wakafurahi. Wakaitikia kwa vigelegele vyao.

"Dada, acha! Nitakwenda Ng'ambo! Nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu, dada, acha!"

"Bado kidogo tu."

"Ni mchi! Haki ya Mungu ni mchi!"

"Nimesema bado kidogo!" Alipiga kelele kama anavyowapigia wengine wote, na akauona uso wa mdogo wake ukimtazama kama mtu asiyemfahamu. Mikono yake haikutetemeka. Ndiyo sifa aliyopewa Langoni, mkono wa Sihaba hautetemeki, na jamani, siku hiyo alikuwa radhi utetemeke.

Akamaliza vidole kumi. Akatazama juu. Pua ililia.

Bwana Mbelwa nyuma ya kioo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetazama mpira na timu yake inafungwa. Mkono wa Sihaba ukaenda kwenye kitufe. Angeweza kuacha. Tusimsingizie, hakuna aliyemlazimisha, mikanda ilikuwa imemfunga Mwajabu, siyo yeye. Lakini alishamchoma. Akiacha sasa, atakuwa amemchoma bure, na hilo moyo wake ulilikataa katakata.

Daraja la tatu. Ukucha wa kidole gumba ulipasuka katikati, ukainuka, ukatoka na kilichokuwa chini yake. Damu ikachirizika kwenye kiti, ikadondokea kwenye beseni la marashi. Mwajabu hakulia tena. Alikuwa amezimia.

Nje, Bi Somoe alikuwa bado anapiga vigelegele.

*

Wasaidizi wawili waliingia na machela. Wakamfungua Mwajabu, wakamfunika miguu, wakampeleka chumba cha pembeni na kufunga mlango. Feni kubwa ya ukutani ikawashwa kuvuta hewa chafu nje, kama kawaida mgonjwa akitoka. Sihaba alibaki kasimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

Kiti kilikuwa kitupu. Feni ikamaliza kazi yake, ikasimama.

Pua ililia.

Kwanza hakuelewa. Alidhani masikio yake yameharibika kwa kelele. Akatazama kiti, akatazama sakafu, akatazama mlango uliofungwa. Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine. Akateremsha macho taratibu, sana, mpaka kwenye miguu yake mwenyewe iliyosimama mitupu kwenye maji ya marashi yaliyomwagika kutoka kwenye beseni.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Ukucha ulikuwa mweupe kama chaki, umenenepa, pembeni umeanza kumomonyoka unga. Ni wa muda mrefu. Kutwa ndani ya mpira, jasho na giza, msimu baada ya msimu, na wachomaji hawapimwi, kwa kuwa haikuwahi kumpitikia mtu yeyote kwamba wapimwe.

"Loo," alisema Sihaba. "Loo."

Kipaza sauti kikakoroma. "Bi Sihaba," alisema Bwana Mbelwa, "hivi umevua buti?"

"Nilivua ili nimwoshe miguu."

"Aa." Akanywa chai. "Desturi nzuri ile. Mama yangu pia alioshwa."

"Nipeleke Ng'ambo," alisema Sihaba. Alikuwa tayari anaelekea mlango wa nyuma, mlango wa wanaorudishwa. "Mimi ndiye mchafu. Yeye ni safi, bwana, umesikia? Ni safi! Mwache apande. Nipeleke mimi."

Bwana Mbelwa akacheka, kicheko cha kirafiki. "Ng'ambo kwa sababu gani? Kwani wewe una piko? Kaa kitini."

*

Alikuja mwenyewe kumchoma. Aliweka kikombe chake juu ya mashine, akapangusa damu kwenye kiti kwa kitambaa, akamsaidia Sihaba kupanda kama anavyosaidiwa mgeni wa heshima. Kanga ya Mwajabu ilikuwa imesahaulika pale, Sihaba akaikalia.

Tik, tik, tik.

Sihaba alikaza meno akingoja. Aliutaka moto ule. Alimwomba Mungu umle mpaka mfupani. Ukaja uvuguvugu, ukaenea kidoleni taratibu, ukapanda unyayoni, ukamlegeza misuli iliyosimama tangu alfajiri. Maji ya kuoga. Alikuwa amesema uongo, na sasa uongo ule ulikuwa unamwosha.

Ndipo alipolia. Bwana Mbelwa akamuuliza kwa upole kama anamwumiza.

Pua ikanyamaza.

"Safi," alisema Bwana Mbelwa. "Kesho tutawapima wachomaji wote, umetufungua macho."

"Na Mwajabu?"

"Mwajabu alikuwa safi toka mwanzo, inaonekana." Akachukua kikombe chake, akaonja, chai imepoa. "Lakini sasa ana vidonda, dada yangu. Kumi. Kanuni unaijua kuliko mimi."

Alimpigia magoti. Alimshika miguu. Alimwahidi mambo ambayo hakuwa nayo. Bwana Mbelwa alisubiri amalize, akamtoa mikono mmoja mmoja, akaenda ukumbi wa juu kumweleza Singano kwamba hakuna harusi. Vigelegele vya huko juu vikakatika ghafla.

Machela ilikuwa imewekwa mlango wa nyuma, pamoja na wengine waliosubiri gari la Ng'ambo. Bi Somoe alikaa chini kando yake, sauti imemkauka, anampepea kwa upindo wa kanga bila kuacha. Alipomwona Sihaba akageuza uso ukutani.

Mwajabu alikuwa amezinduka. Macho yake yalikuwa makubwa, yametulia, yanamtafuta. Sihaba akachutama. Alikuwa bado miguu mitupu, na kidole chake kidogo kilikuwa kimefungwa kijitambaa kisafi.

"Dada," alinong'ona Mwajabu, akikitazama kile kijitambaa. "Na wewe wamekuchoma?"

"Ndiyo."

"Iliuma?"

Sihaba alifungua kinywa. Nyuma yake wasaidizi walishaanza kulishusha Lango, minyororo inalia. Chini bondeni, moshi wa kwanza ulikuwa umeinuka upande wa nyumbani.

"Iliuma," alisema. "Iliuma sana."

Mwajabu akanyoosha mkono wake uliopakwa hina nzuri nyekundu, akampapasa shavuni.

"Pole, dada yangu," alisema. "Pole sana."

Wakambeba, wakampakia garini.